Sikio Kama Shahidi

Mtu akiulizwa, "Unasikia?" naye akajibu, "Nasikia," kumbe hasikii, je, amesema uongo? Nilipokuwa mwalimu mkuu ningelijibu swali hili bila hata kuinua kichwa kutoka kwenye daftari. Leo, nikiwa na miaka 75, silioni kuwa swali jepesi, kwa sababu mimi mwenyewe nilijibu hivyo mbele ya watu wanne walioniamini, tena juu ya fedha ambazo hazikuwa zangu.

Habari yenyewe ni hii. Kwaya yetu hapa Igogo ilikuwa na spika mbili zilizochoka. Koni ya moja ilikuwa imechanika, ikabandikwa gundi, ikachanika tena, na kila waimbaji wa sauti ya nne walipofungua vinywa ilitoa mlio wa nyuki aliyefungiwa ndani ya kiberiti. Uongozi ukaitisha mchango. Watu walichanga kwa miezi minane, wengine elfu mbili mbili, wengine elfu tano, mpaka zikapatikana shilingi milioni 4 na laki 6. Katika daftari la mchango namkumbuka mama mmoja mjane auzaye dagaa Mwaloni, kule Kirumba. Yeye alitoa laki moja kwa mkupuo, noti zilizokunjwa mara nne nne, zikinukia kazi yake. Nilikuwa mweka hazina msaidizi, nilizikunjua mwenyewe.

Ilipofika siku ya kwenda kununua, nikachaguliwa kuwa mmoja wa wajumbe watano. Sababu iliyotolewa ni kwamba mimi nina sikio. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1970, nilipokuwa mwanachuo katika Chuo cha Ualimu Butimba, hapa hapa Mwanza, nilijifunza kusoma noti na kuongoza kwaya, na shule nilizofundisha baadaye hazikukosa kuimba. Kwa hiyo waliposema "Mwalimu ana sikio" hawakukosea sana. Walichosahau, nami nikakisahau kwa kupenda, ni kwamba sikio walilokuwa wakilisifu ni sikio la mwaka 1975.

Duka lilikuwa katikati ya mji, limejaa maboksi toka sakafuni hadi darini. Muuzaji, kijana mwenye adabu, alitupa shikamoo, akatutolea viti, akatupangia jozi mbili za spika ubavu kwa ubavu. (Wataalamu wa lugha watanisamehe, najua neno "vipaza sauti" lipo, lakini ingia dukani uombe kipaza sauti, utapewa maikrofoni.) Jozi ya kwanza ilikuwa ya milioni 2 na laki 3. Jozi ya pili ilikuwa ya milioni 4 na laki 4, kubwa zaidi, nyeusi ya kung'aa, na mbele ilikuwa na wavu wa chuma wenye nembo ya Ulaya. Bei zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu nene juu ya kila moja, nasi tulikwisha kuzisoma kabla hatujakaa. Kijana akachomeka flashi, akapiga wimbo wa kisasa wenye besi nzito, kwanza kwa jozi ya kwanza, kisha kwa ile ya pili. Ya pili ilipoanza, kioo cha kabati kilitetemeka na shati langu likatikisika kifuani. Vijana wetu wawili wakatazamana wakitabasamu.

"Mwalimu," akasema kiongozi wa kwaya, ambaye nilimfundisha darasa la tano, "unaonaje?"

Nikanyamaza kidogo, kama ilivyo desturi ya mtu anayetazamiwa kusema neno zito. Kijana wa duka akaongeza, "Mzee, sikiliza huku juu, ile trebo. Unasikia ilivyo safi? Kama kioo." Nikainamisha kichwa, nikafumba macho, nikasikiliza. Huko juu sikusikia kitu. Nilisikia ngoma, nilisikia mwimbaji, lakini hicho kioo alichokisema sikukisikia, si katika jozi ya pili wala katika ya kwanza. Nikafumbua macho nikasema, "Nasikia. Hii ya pili ni safi zaidi. Itafika hadi benchi la nyuma."

Hayo maneno ya mwisho hakuna aliyeniuliza. Niliyaongeza mwenyewe.

Basi tukalipa, tukapakia kwenye bajaji mbili, tukarudi Igogo tukiimba. Jumapili ya kwanza watu walipiga makofi. Kanisa letu lina paa la bati lisilo na dari, sakafu ya saruji na kuta tupu, na zile spika tulizisimamisha katika pembe mbili za mbele, ambako zilipendeza macho. Besi ilijaa nyumba nzima kama treni ya mizigo. Wiki ya tatu yule mama wa dagaa alinisubiri mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Habari za Mwaloni?"

"Nzuri tu. Mwalimu, spika hizi zina nguvu kweli, Mungu awabariki. Ila maneno siyapati. Labda ni masikio yangu."

Nilimjibu kwamba atazizoea. Usiku ule sikulala vizuri. Alikuwa tayari kulishitaki sikio lake mwenyewe kabla ya kulishitaki langu.

Mwezi huo mjukuu wangu, ambaye yuko chuoni, alikuja likizo. Nilimweleza habari ya trebo, si yote, kiasi tu. Akatoa simu yake, akaniwekea visikizi, akaanza kunipigia milio mmoja mmoja kutoka chini kwenda juu: hezi 500, 1,000, 2,000, 4,000. Ule wa 4,000 niliusikia kwa shida, kama mbu wa chumba cha jirani. Alipofika 8,000 nilimtazama nikingoja aanze, kumbe amekwisha kuanza. Aliuchomoa waya ili sauti itoke nje, uso wake ukakunjamana kwa ukali wa ule mlio, na mimi nimekaa mbele yake katika kimya kitupu. Simu si chombo cha daktari wa masikio, hilo nalijua. Lakini kwa jambo nililotaka kulijua ilitosha.

Baadaye nilisoma. Sikio la kijana mwenye afya husikia tangu hezi 20 hadi karibu 20,000. Ndani kabisa ya sikio mna chembe ndogo zenye vinywele ambazo hupokea mtikisiko na kuupeleka kwenye ubongo. Zikifa hazioti tena, na zile za milio ya juu ndizo aghalabu hutangulia kufa. Ndiyo maana mzee husema, "Nakusikia ila sikuelewi." Irabu, a, e, i, o, u, zina nguvu nyingi na hukaa chini, huzipata. Lakini s, f, t na sh nguvu yake iko juu na ni ndogo. Kiswahili chetu, ambacho karibu kila silabi yake huishia kwa irabu, humdanganya mzee vizuri sana: hupata muziki wote wa sentensi, asijue kama alichoambiwa ni saa au taa, kama mgeni amefika au ameshika.

Hapo, ndugu msomaji, nikamkumbuka mtoto mmoja. Ilikuwa miaka ya 1980, katika shule ambayo sitaitaja. Alikaa nyuma kwa sababu alikuwa mrefu. Kila nilipomuuliza, "Umeelewa?" alijibu, "Ndiyo, mwalimu," na nilipomwambia arudie nilichosema hakuweza. Nilimchapa kwa uongo. Sikumchapa kwa kutojua somo; nakumbuka vizuri nilivyosema mbele ya darasa kwamba mimi sichapi ujinga, nachapa uongo. Alipomaliza darasa la saba ndipo ndugu yake aliponiambia kwamba mtoto yule alikuwa akitokwa na usaha masikioni tangu utotoni, na sikio moja lilikuwa halifanyi kazi kabisa. Nilisikitika, kisha nikasahau kwa miaka arobaini hivi, mpaka siku mjukuu alipokunja uso kwa mlio nisiousikia. Yule mtoto alisema "ndiyo" kwa kumwogopa mwalimu. Mimi nilisema "nasikia" kwa kuogopa nini? Hakuna aliyeshika fimbo dukani mle.

Nimelichambua jambo hili mara nyingi, na naona kwamba siku ile dukani nilifanya makosa mawili yasiyofanana. La kwanza ni kusema kwamba jozi ya pili ni bora. Katika hili sikudanganya: kweli niliisikia kuwa bora. Kifua changu kilitikisika, moyo ukapenda. La pili ni kusema kwamba nasikia usafi wa juu. Huo ulikuwa uongo mtupu. Jambo la ajabu ni kwamba kwa walionisikiliza makosa hayo yalikuwa neno moja tu, "nasikia".

Hebu nilieleze lile la kwanza, maana lina mengi ya kufundisha. Spika, ukiitazama kwa ndani, ni kitu kisichobadilika sana. Ni waya uliozungushwa kama uzi wa cherehani, umekaa katikati ya sumaku na kushikamana na koni. Umeme ukipita waya husogea, koni nayo husukuma hewa. Wahandisi wawili wa kampuni ya General Electric ya Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walieleza spika ya namna hiyo mwaka 1925, na nyingi zinazouzwa leo bado ni wajukuu wa ile. Lakini spika mbili zikipewa umeme ule ule hazitoi sauti sawa. Moja ikizidi nyenzake kwa desibeli 3 tu, ile nyingine itahitaji wati mara mbili ili kuifikia. Na sikio lina tabia moja: kati ya sauti mbili, ile iliyo juu kidogo hulipendeza zaidi, hata kama mwenye sikio hatambui kuwa iko juu, hudhani ni nzuri. Tena mwaka 1933 Wamarekani Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo sikio husikia besi kidogo sana kulinganisha na sauti za kati, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo besi inavyojaa. Kwa hiyo anayeongeza sauti kidogo huongeza na utamu. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, lakini hawakutuambia kwamba lile linalovuma zaidi ndilo tutakalolinunua.

Na jicho je? Mwaka 1994 watafiti wawili, Floyd Toole na Sean Olive wa kampuni ya Harman huko Marekani, waliwakalisha wasikilizaji 40 mbele ya spika za aina nne wazipe alama. Mara moja walizisikiliza wakiziona, mara nyingine zikiwa nyuma ya pazia. Walipoziona, alama zilifuata walichokuwa wakikijua: kubwa na za bei walizipendelea, ndogo na rahisi waliidharau. Pazia lilipoteremshwa tofauti zile zikapungua sana, na mambo mengine ambayo hawakuyatambua mwanzo, kama vile mahali spika iliposimama chumbani, yakaanza kusikika. Watu hao walikuwa wafanyakazi wa kampuni yenyewe ya kutengeneza spika. Hawakuwa waongo. Walisikia kwa kichwa chao chote, bei ikiwa ndani yake.

Sisi tulipokuwa watoto tuliambiwa sikio halipiti kichwa, maana yake mdogo hamshindi mkubwa. Nauona sasa ukweli mwingine katika methali hiyo, nao haunifurahishi.

Kinachoniudhi ni kwamba haya nilipaswa kuyajua. Kwa miaka yote ile nilisimamia mitihani ya taifa, na mtahiniwa haandiki jina lake kwenye karatasi, huandika namba. Kwa nini? Si kwa sababu wasahihishaji ni wezi. Ni kwa sababu mtu mwema akijua karatasi hii ni ya mtoto wa fulani, kalamu yake huegemea upande bila yeye kutaka. Sheria hiyo niliisimamia kwa ukali kwa kalamu za wengine. Kwa sikio langu mwenyewe sikuiona kuwa ya lazima.

Basi nikamwendea kiongozi wa kwaya, nikamwambia turudi dukani. Risiti ilikuwa imeandikwa wazi kwamba mali iliyouzwa hairudishwi, nami sikwenda kuirudisha. Nilitaka kujua. Tulikwenda watano, safari hii yule mama wa dagaa akiwa mmojawapo, na jozi kama ile yetu ilikuwepo bado. Kijana wa duka alikubali, nadhani kwa kunihurumia. Mjukuu wangu aliweka simu inayopima desibeli juu ya kiti changu, na kwa kitasa kile kile cha amplifaya jozi ya bei kubwa ikazidi ile nyingine kwa desibeli 4. Kijana mwenyewe alishangaa. Alikuwa akiuza hivyo kwa nia njema kabisa. Tukazisawazisha. Tukatandika khanga mbili mbele ya spika zote, tukawaomba wasikilizaji wageuke waelekee ukutani. Badala ya wimbo wa besi tukapiga sauti ya dada mmoja wa kwaya akisoma matangazo ya Jumapili, ambayo ndiyo kazi hasa tuliyozinunulia.

Watatu walichagua jozi ya kwanza, yule mama akiwa wa kwanza kuinua mkono. Mmoja alichagua ya pili. Nilipoulizwa mimi, nilisema, "Sijui. Kwangu ni sawasawa." Sijapata kutamka sentensi ngumu kama hiyo mbele ya mtu niliyemfundisha.

Sitaki msomaji afikiri kwamba nimethibitisha kuwa cha bei kubwa hakifai. Watu watano katika duka lililojaa maboksi hawathibitishi kitu, na maboksi yenyewe humeza mwangwi ambao kanisani hatuna wa kuumeza. Spika za gharama mara nyingi hustahimili saa nyingi za kazi bila kuungua, na huenda zetu zitadumu baada yangu. Walakini tulilipa tofauti ya zaidi ya milioni mbili juu ya neno langu, na neno langu halikuwa na sikio nyuma yake.

Nimejiuliza kwa nini nilidanganya, na jibu ninalolipata linahusu heshima. Kwetu mzee akisema, basi. Kijana hathubutu kumwambia, "Mwalimu, hebu rudia, una hakika?" Huo ni utovu wa adabu, na mimi ni mmoja wa waliowafundisha hivyo. Lakini heshima ya namna hiyo humfunga na mzee mwenyewe. Akipewa kiti cha mbele na kuulizwa mwisho, baada ya wote kunyamaza, hana pa kuweka neno "sijui". Nilihisi kwamba nikisema sisikii, nitakuwa nimewanyang'anya wale vijana mwalimu wao. Huenda huo nao ni udhuru tu. Yule mtoto wa miaka ya 1980 alikuwa na udhuru mkubwa zaidi, na sikumuuliza.

Siku ya Alhamisi, katika kikao cha kwaya, niliomba nafasi nikasimulia yote: trebo, simu, desibeli 4. Mwenyekiti alinikatiza katikati, akasema, "Mwalimu, usijisumbue, zee la busara kama wewe!" Watu wakacheka kwa upendo. Nikaona wanataka kunisamehe kabla hawajajua nimekosa nini, nikaomba kuendelea mpaka mwisho. Kikawa kimya. Kisha yule mama akauliza, "Kwa hiyo sasa tufanye nini ili tusikie?" Hakuna mwingine aliyeuliza swali la maana kama hilo.

Tulizitoa spika kwenye pembe, kwa kuwa pembe mbili za ukuta huikuza besi; tukazisogeza mbele, tukaziinua juu ya vichwa vya watu na kuzielekeza kwenye mabenchi badala ya bati. Kiongozi wa kwaya akapunguza besi kwenye mikisa, jambo lililowauma vijana. Ukuta wa nyuma tumetundika mapazia mazito yaliyochangwa na akina mama. Maneno yamerudi, si yote. Yule mama amehama benchi la nyuma. Sasa anakaa la tatu, upande wa kulia, nami nimekwenda kukaa jirani yake. Tangazo likitupita sote wawili tunamgeukia mjukuu wake.

Yule mwanafunzi nimemtafuta. Niliambiwa alihamia upande wa Geita na kwamba anafanya kazi ya useremala. Nimepata namba ya simu ya kaka yake, lakini simu si njia nzuri ya kuzungumza na mtu mwenye sikio moja, wala kwa mwenye masikio kama yangu, kwa hiyo itabidi nipande basi.

Wakati huo huo kwaya imechanga tena. Jumamosi hii wanakwenda kuchagua maikrofoni mbili. Wajumbe ni wanne, mama wa dagaa akiwamo. Mimi nimepewa kazi ya kushika khanga.